Sweta la Ndugu Fundi

"…alilivaa! Bibi, haki ya Mungu alilivaa! Na siyo siku moja ya kupigia picha, jamani, majira mazima ya baridi! Asubuhi mpaka jioni! Mkono mmoja umeishia hapa kwenye kifundo, na huo mwingine unaning'inia hukooo, anaukokota juu ya vitambaa kama mkonga wa tembo!"

"Usiape, we mmisionari," Bibi akasema, lakini alikuwa anacheka mpaka kajishika ubavu. Kitinda, mdogo mtu, aliyekuwa ananyoosha mezani gauni la dada yake la kesho, aliinua pasi hewani akasahau kuishusha.

"Mkono mrefu?" Bibi akauliza, anajifuta machozi ya kicheko. "Nani huyo kafuma mkono mrefu?"

"Akina mama mlikuwa kumi na mmoja, Bibi. Mimi nitajuaje?"

"Wangu ulikuwa sawa," Bibi akasema upesi upesi. "Niliupima." Halafu akainua viganja viwili juu, macho kayafumba. "Hata hivyo, Ndugu Fundi wetu kavaa. Asante Yesu. Roho moja ni roho."

Hapo ndipo kicheko cha Chiriku kilipokatika, kama uzi.

Chiriku ni jina la nyumbani. Lile la kwenye cheti analijua karani wa pasipoti peke yake, maana tangu ameota meno huyu mtoto ni kuchiriza tu, chiri-chiri-chiri, mpaka mwalimu wa kwaya alikuwa anamsimamisha karibu na mlango ili nusu ya sauti itoke nje. Akamaliza chuo, akaitikia wito, kanisa likamtuma nchi ya mbali kuhubiri Habari Njema, miaka miwili. Karudi Jumatano. Leo ni Jumamosi alasiri, begi bado liko sebuleni limepasua mdomo, soksi nzito zimetapakaa kwenye kochi, na kesho saa tatu asubuhi anatakiwa kusimama mbele ya kanisa zima kutoa ushuhuda. Mchungaji kashatangaza wiki tatu mfululizo. Watu watakuja na wageni wao.

Na wote wanakuja kusikia habari za mtu mmoja: Ndugu Fundi. Roho ile moja. Kanisa limemwombea kwa jina miezi kumi na nane, watoto wa shule ya Jumapili wamemchora wakamtundika ukutani, kila mmoja na ndevu zake. Na Fundi, jamani, hana ndevu. Wala hakuwahi kuokoka.

Hilo la pili lilijulikana na watu watatu tu duniani: Fundi mwenyewe, mwenzake Chiriku wa kule kwenye misheni, na Chiriku. Na kwenye begi lile lile, chini ya soksi, kulikuwa na bahasha ya Fundi ambayo ilipaswa kutolewa tangu Jumatano.

"Haya," Bibi akasema, akajipanga vizuri kwenye kiti. "Hebu nisimulie mwenyewe, siyo kwa barua. Aliokokaje?"

"Ngoja, Bibi," Chiriku akasema. "Ngoja nianze na ngazi."

Ngazi zilikuwa kumi na nne, na ya tisa ilikuwa inalia ukiikanyaga. Ukifika juu, chumba kimoja: vitanda viwili vya chuma, meza yenye mguu mfupi uliowekewa kigae, na kipasha-joto ukutani kilichokuwa kinakohoa kabla ya kuwaka na kukohoa tena kabla ya kuzimika. Dirisha lilitazama kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro ukuta wa ghala, basi. Ukitaka kuona mbingu unakaa sakafuni unatazama juu. Chiriku alikaa sakafuni sana miezi ile ya mwanzo.

Alikaa na mwenzake, maana wamisionari hutumwa wawili wawili, na huyo mwenzake ndiye Dada Ratiba. Karatasi yake ilikuwa nyuma ya mlango, imepigwa rula: kuamka, kuomba, kujifunza lugha, kutembelea watu, kufua soksi.

"Kitinda, nakwambia ukweli, hata kucheka kulikuwa na muda wake. Saa mbili kasorobo usiku, robo saa."

"Na ukichekeshwa saa nne asubuhi?"

"Unaweka akiba."

Bibi akacheka tena, na Chiriku akapata pumzi. Akaendelea. Akawaeleza walivyokuwa wanagonga milango. Mlango ulikuwa unafunguliwa upana wa kiganja, mtu anatabasamu, anatikisa kichwa, unafungwa. Mlango unaofuata, hivyo hivyo. Na lugha! Yeye Chiriku, wa kuambiwa nyamaza hata akiwa usingizini, alikuwa bubu miezi minne. Alikuwa na maneno kama thelathini, ishirini kati ya hayo ni ya sokoni. Anataka kusema Mungu anakupenda, anaishia kusema habari za asubuhi, nyanya ngapi.

Sasa chini ya chumba chao ndiko kulikuwa na duka la fundi cherehani. Sakafu yao ilikuwa dari yake. Cherehani likianza saa mbili, godoro linatetemeka. Chiriku alizoea kuombea juu ya mngurumo ule mpaka siku fundi akichelewa kufungua, maombi hayaendi, yanakwama kama gari lililokosa kusukumwa.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, mjane, miwani kaifunga uzi mweusi sikioni, futi ya kupimia shingoni asubuhi hadi jioni kama vile ndiyo tai yake. Walijuana kwa sababu ya zipu. Zipu ya koti la Chiriku ilikwama ikiwa juu kabisa, mtoto wa watu kafungwa mpaka kidevuni, hawezi kuvua wala kugeuka. Dada Ratiba akamshika mkono akamshusha ngazi kumi na nne kama mgonjwa. Fundi alimtazama, akachukua kipande cha mshumaa, akaipaka zipu, akaivuta mara moja. Koti likafunguka. Akaonyesha mshumaa, akautaja kwa lugha ya kwao. Chiriku akarudia. Akaonyesha zipu, akaitaja. Sindano. Chaki. Mkasi. Kifungo. Mpaka wanaondoka Chiriku ana maneno tisa mapya, na yote yanafanya kazi.

Tangu siku hiyo akawa anashuka kila mara. Alijifunzia lugha pale, kwenye stuli ndogo kati ya rundo la suruali za makondakta wa mabasi zinazongoja kupindwa. Na Alhamisi saa nne, Fundi akiwa na nafasi, alikuwa anachukua rula yake ndefu ya mbao anagonga dari mara mbili, ko-ko, na wao wanashuka na kitabu. Dada Ratiba aliiandika Alhamisi hiyo kwenye karatasi kwa wino mwekundu.

"Anasikiliza?" Bibi akauliza.

"Anasikiliza kwa sikio la kushoto, Bibi. La kulia liko kwenye cherehani. Hasemi kitu. Tunasoma wiki baada ya wiki, miujiza, mifano, mtu katembea juu ya maji, yeye anakata uzi kwa meno anaendelea. Mpaka tukafika pale msalabani, askari wanapigia kura ile kanzu isiyokuwa na mshono. Cherehani likasimama!"

Fundi alikuwa ameinua kichwa.

"Haina mshono?"

"Haina," Dada Ratiba akasema.

"Hata begani?"

"Hata begani."

"Aliifuma nani?"

Wakatazamana. Chuoni walifundishwa maswali yote magumu ya watu, kwa nini kuna mateso, kwa nini kuna vifo, na majibu yake kwa mistari. Hili la nani aliifuma halikuwemo.

"Haikuandikwa," Chiriku akasema.

"Haikuandikwa!" Fundi alivua miwani kabisa. "Kazi ya namna hiyo! Mtu kainama miezi! Mmewaandika wavuvi, mmewaandika watoza ushuru, mmemwandika hadi jogoo aliyewika, na mwenye nguo mmemsahau?" Na akakataa kuendelea mbele. Alhamisi tatu nzima hakutaka kusikia habari nyingine, anataka kanzu tu. Ilifumwa tangu juu, sawa, lakini begani alipitaje? Uzi gani? Askari aliyeipata alikuwa na mwili wa kuivaa?

"Huyo kweli fundi!" Bibi akapiga paja. "Mungu kamshika kwa kanzu! Kwa hiyo hapo ndipo akaamini."

Chiriku akaokota soksi moja kochini. Akaanza kuikunja.

"Dada," Kitinda akasema. Huyu mtoto ana miaka kumi na sita na jicho kama la askari wa usalama barabarani. "Umeanza na ngazi, umekuja kwenye zipu, umekuja kwenye kanzu. Unazunguka tu. Alibatizwa lini? Tarehe."

Nje jirani alikuwa anaanika nguo, unasikia vibanio.

Fomu ilikuwa ya rangi ya kijivu, na ilikuja kila mwisho wa mwezi. Kila mmisionari alijazia kanisa lake lililomtuma. Safu tatu: waliotembelewa, waliosoma Neno, walioamini. Safu ya kwanza Chiriku aliijaza vizuri, milango haikuwa ya kutafuta. Ya pili, wawili watatu. Ya tatu, sifuri. Mwezi wa pili, sifuri. Wa tatu, wa nne, wa tano. Zile sifuri zilikuwa zinamtazama kama macho.

Mwezi wa sita barua ikaja kutoka nyumbani, mwandiko wa Kitinda, maneno ya Bibi: tunafunga kula kila Ijumaa kwa ajili yako, tuambie Bwana amefanya nini ili tushukuru. Ijumaa zote hizo! Bibi na goti lake, tumbo tupu! Chiriku alikaa sakafuni chini ya dirisha na fomu mapajani. Cherehani lilikuwa linanguruma chini. Alhamisi ile Fundi alikuwa amefumba macho wakati wa maombi, kwa mara ya kwanza. Yuko karibu, Chiriku akajiambia. Mwezi ujao hakosi. Sasa kama hakosi, kwa nini nisiandike leo? Si ndiyo imani hiyo, kukishika kitu kabla hakijafika? Akaweka kalamu kwenye safu ya tatu akaandika moja. Mstari mmoja tu, mdogo, umesimama wima. Pembeni akaandika: Fundi.

Hakuona kama anadanganya. Aliona kama anawahi.

"Hakubatizwa," akasema sasa, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Kitinda akaishusha pasi juu ya gauni akainama kusikia. "Hajaokoka, Bibi. Mpaka naondoka. Ile moja niliiandika mwenyewe, nikitegemea itakuja. Haikuja."

Bibi alijisogeza mbele kwenye kiti.

"Niliandika kwa imani, Bibi."

"Imani ya nani?" Bibi akauliza. "Yako au yake?"

Hapo harufu ikawafikia wote watatu. "Pasi!" Chiriku akapiga ukelele, na Kitinda akaruka, lakini gauni lilikuwa limeshapata alama yake, ya kahawia, yenye ncha, pale pale kwenye upindo wa mbele. Siku nyingine wangelia au wangecheka. Kitinda aliisimamisha pasi polepole, akabaki kashika gauni.

"Mimi nilisimama," Bibi akasema. Alikuwa anamtazama Chiriku lakini kama anatazama pembeni yake kidogo. "Na goti langu hili. Nikasimama katikati ya ibada nikasema, mjukuu wangu amemleta mmoja. Watu wakapiga vigelegele. Tukagawana uzi siku ile ile, huyu mgongo, huyu kifua, huyu shingo. Tumefuma siku arobaini, na kila safu tunasema jina lake."

"Najua, Bibi."

"Hujui. Hukuwepo." Akashika mikono yake miwili mapajani kama mtu anayeshika kitu kisianguke. "Na yeye? Ulipompa lile sweta, ulimwambia ni la nini? Au naye ulimwandikia la kwake?"

Lo, Chiriku alikaribia kufanya hivyo.

Kifurushi kilifika mwezi wa tisa, stempu kumi na mbili. Dada Ratiba ndiye aliyefungua. Sweta likatoka, la rangi ya udongo mbichi, na kadi yenye majina kumi na moja: Kwa ndugu yetu Fundi, karibu katika nyumba ya Bwana. Dada Ratiba alisoma mara mbili.

"Ndugu yupi?" akauliza.

Chiriku akamwambia. Yote. Dada Ratiba alikaa kitandani, akatazama karatasi yake nyuma ya mlango, halafu akasema, "Haimo kwenye ratiba. Shuka tu."

Akashuka peke yake, ngazi ya tisa ikalia. Fundi alilipokea sweta kwa mikono miwili, akaligeuza ndani nje kabla hajaligeuza nje ndani, kama wafanyavyo mafundi. Kisha akachukua kadi. Lugha haijui. Akampa Chiriku asome.

Na hapo, jamani, ndipo kulikuwa na mlango wazi kabisa wa kutorokea. Angeweza kusema, wanakusalimu, wanakutakia afya. Nani angejua? Mdomo wake ulishafika kwenye "wanakusa…" Akamwona alivyokuwa anapitisha kidole gumba kwenye ukosi, taratibu, anatafuta palipounganishwa. Akamtafsiria kadi ilivyo.

Fundi aliweka mkasi chini. "Kwa hiyo huko kwenu mimi ni muumini."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Miezi mitatu! Na mimi mwenyewe sijaambiwa!" Akacheka, akacheka mpaka kopo la pini likamwagika, wakapiga magoti wote wawili wanaokota. Walipomaliza kuokota hakuwa anacheka tena.

"Binti, mteja akija kuulizia koti na koti halijaisha, namwambia halijaisha. Ananikasirikia, anaondoka, anarudi. Simwonyeshi koti la mtu mwingine." Akakunja sweta vizuri, akaliweka rafuni. "Umenihesabu bila kunipima. Na siku ukifika kwenu utawaambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Siyo kwa barua. Barua umeshaitumia vibaya."

Alhamisi iliyofuata dari haikugongwa. Wala ile nyingine. Wala ya tatu. Akikutana naye mlangoni, salamu, basi. Chiriku aliporudi kwenye fomu akaandika sifuri, na akiandika sifuri anaona kama ndiyo neno la kweli la kwanza kuliandika tangu ile moja. Alikaa sakafuni akaomba, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa anaomba apate cha kuripoti. Aliomba tu yule mzee wa chini asibaki peke yake na lile cherehani. Aliomba kwa maneno machache, kama zile siku za maneno thelathini. Anasema mwenyewe kwamba kama kuna siku aliamini kwa kweli, kuliko siku aliyoitikia wito, kuliko siku alipowekewa mikono kichwani, ni wiki zile tatu, kwenye sakafu ile ya baridi, kipasha-joto kinakohoa.

Alhamisi ya nne, saa nne kamili: ko-ko.

Walishuka mbio, Dada Ratiba mbele! Fundi alikuwa kwenye cherehani, kavaa sweta. Mkono wa kulia sawa. Wa kushoto umezidi, unaburuzika.

"Tulikuwa tumefika wapi?" akauliza.

Chiriku alipofika hapo hakuweza kuendelea. Akaenda kwenye begi, akazamisha mkono chini ya soksi, akatoa bahasha. Juu yake kulichorwa kwa chaki ya fundi mkono wa sweta, mrefu.

"Alinipa siku ya kuondoka. Ni ya yule aliyefuma mkono wa kushoto. Akasema nisiitoe kabla sijawaambia. Nimekaa nayo siku tatu."

"Wa kushoto ni nani?" Kitinda akauliza. "Bibi, si ulisema wewe…"

"Soma," Bibi akasema.

Chiriku akaifungua, akawa anatafsiri huku anasoma, anasimama, anarudia, anatafuta neno zuri zaidi.

"Mama uliyefuma mkono wa kushoto. Shikamoo. Mimi si ndugu yako kwa namna uliyoambiwa. Nadhani binti ameshakueleza. Kama hajakueleza, acha kusoma hapa, mwite."

"Mtu huyu," Bibi akanong'ona.

"Mikono nimeipima. Wako umezidi kwa vidole vinne. Wateja wangu wananiambia niufumue. Nimekataa. Vidole vyangu vya kushoto vinakufa ganzi kwa baridi, na hicho kipande cha ziada ndicho navifunikia. Kazi yako nimeisoma. Mwanzoni vitanzi vimekaza, vimenyooka, mkono wa mtu aliyefuma miaka mingi. Kuanzia kwenye kiwiko ulikuwa unapapasa. Vilivyoponyoka umeviokota kwa kidole, siyo kwa jicho. Navijua, maana na mimi nilianza hivyo hivyo. Nenda kwa daktari wa macho mapema. Mimi nilichelewa. Nilimuuliza binti nani aliifuma kanzu ya yule mtu wenu, akasema haikuandikwa. Hili langu ninayo majina kumi na moja. Mkiniombea, niombeeni, sikatazi. Ila msiniandike mpaka niseme mwenyewe."

Vibanio vya jirani vilikuwa vimenyamaza. Chiriku akakunja karatasi.

"Bibi," Kitinda akasema polepole. "Macho?"

"Macho yangu mazima."

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Usiniletee vijimtihani vyako hapa."

"Bibi, na ile sura unayosoma kanisani kila mwanzo wa mwezi, umeshika kitabu…"

"Naijua kwa kichwa. Kuijua kwa kichwa ni dhambi?" Bibi akanyoosha mkono, akaichukua bahasha kutoka kwa Chiriku, akapitisha kidole gumba juu yake, pale kwenye chaki, kama Fundi alivyofanya kwenye ukosi. Mwisho akauliza, sauti ya chini kabisa: "Kasema vidole vinne?"

"Vinne, Bibi."

"Mimi nilidhani viwili."

Chiriku akaanza kucheka na kulia, vyote vinatoka kwa mkupuo, akapiga magoti pale chini akaweka kichwa kwenye mapaja ya Bibi. "Nisamehe, Bibi."

Bibi akaweka bahasha pembeni. Alimwekea mkono kichwani, mzito, akauacha hapo. "Umenitia aibu," akasema. "Hiyo itakaa kidogo, usidhani inaondoka leo. Lakini umesema. Kesho utasimama useme hivyo hivyo, bila ngazi, bila zipu. Unaanza na ile moja. Na mimi nitasimama pembeni yako, maana mimi ndiye niliyetangaza."

"Na mambo ya macho, Bibi, utatangaza?" Kitinda akadakia.

"Hayo hayamo kwenye ushuhuda wa mtu."

"Basi Jumatatu hospitali. Nakupeleka mimi, na dada anashika mkono wa pili."

"Tutaona."

"Ndiyo maana tunakwenda, Bibi, ili uone."

"Mtoto huyu!" Lakini mdomo wa Bibi ulikuwa umeshaanza kucheza pembeni. Akamwelekeza Kitinda alete kikapu cha uzi. Mtu mwenye vidole vya ganzi, akasema, hahitaji mkono mrefu, anahitaji glavu zilizokatwa ncha, ili ashike sindano. Kitinda atahesabu vitanzi, yeye atafuma. "Na gauni?"

Kitinda akaliinua. Alama ya pasi ilikuwa imekaa pale mbele, haifichiki.

"Atalivaa hivyo hivyo," Bibi akasema.

Jua lilikuwa linashuka kwenye soksi za kochini. Chiriku alikaa sakafuni, mgongo kaegemeza kwenye kiti cha Bibi, na kutokea pale unaona mbingu kidogo juu ya dirisha, na kwa dakika nzima alisikia cherehani. Alilisikia kabisa! Akajua kwamba atakuwa analisikia miaka mingi, akiwa anaosha vyombo, akiwa kwenye foleni, na kila mara atatamani zile ngazi kumi na nne.

"Na siku ya kuondoka?" Bibi akauliza, anatafuta ncha ya uzi kwa kidole. "Ulipokuwa unashuka na begi. Alikuambia nini?"

Chiriku akageuka. Uso ulikuwa umeshamchangamka, maneno yamejaa mdomoni, unayaona. Halafu, amini usiamini, akayameza.

"Hilo ni la kesho, Bibi."

"Chiriku kunyamaza! Kitinda, njoo umpime homa."

"Kweli, Bibi. Nikikwambia leo, kesho nitabaki na lile baya peke yake. Acha niseme kwanza ile moja, mbele ya wote, wewe ukiwa hapo. Halafu nakwambia aliyosema pale kwenye ngazi ya tisa, neno kwa neno. Kesho, Bibi. Kesho nakumalizia yote."